Mgeni na Mwenyeji: Habari za Mitaa ya Kaptembwo na Rhonda

(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Halmashauri ya chama chetu imeniomba nisome mbele yenu maneno machache juu ya historia ya mitaa hii tunayoishi, na juu ya maisha ya kila siku ya watu wake. Mimi si mwalimu wa historia. Ni karani, na desturi ya karani ni kuandika yale yaliyosemwa na wakubwa wake, si kuwahutubia. Lakini kwa kuwa nimeombwa na walio na haki ya kuniomba, sina budi kutii. Nikikosa adabu mahali popote, nirudini kama mnavyomrudi mtoto wenu.

Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Wengi huitumia methali hii kumfukuza mgeni mvivu. Lakini waliotunga hawakukusudia ukali tu. Mtu akishapewa jembe hahesabiwi tena kuwa mgeni. Atalima pamoja na wenye nyumba, atakula pamoja nao, na neno lake litasikilizwa. Jembe ni kazi, na papo hapo ni heshima. Ningependa tuipime historia ya mitaa yetu kwa kipimo hicho, tuone ni nani katika mji huu aliyepewa jembe akawa mwenyeji, na ni nani aliyepewa jembe akaachwa vivyo hivyo, mgeni.

JINSI MJI ULIVYOANZA

Reli ilifika Nakuru mwaka 1900. Kabla ya hapo nchi hii ilikuwa malisho ya Wamasai, na jina la Nakuru latokana na lugha yao. Husemwa kwamba maana yake ni mahali penye vumbi, na mtu aliyepita barabara zetu mwezi wa Februari hatauliza ushahidi mwingine. Mwaka 1904 Nakuru ukatangazwa kuwa mji, na mwaka 1929 ukapata manispaa yake.

Nchi iliyouzunguka mji ilitengwa kwa walowezi wa Kizungu, na mwaka 1939 mipaka ya Nyanda hizo za Juu ikatiwa muhuri wa sheria. Nakuru ukawa ndio mji wa walowezi. Hapa ndipo walipoweka makao ya chama chao kikubwa cha wakulima, KFA. Hapa ndipo walipoleta nafaka, mifugo na pareto, na hapa ndipo walipokutana kujadili bei ya mahindi na mambo ya serikali.

Na Mwafrika je? Yeye alikuwapo tangu siku ya kwanza. Alitandika reli, akapakia magunia, akapika, akafua, akachunga ng'ombe, akaandika barua ofisini. Katika mashamba aliitwa skwota. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka afanye kazi ya mwenye shamba siku zisizopungua 180 kila mwaka ili apate ruhusa ya kukaa na kulima kipande kidogo kwa ajili ya watoto wake. Baadaye siku hizo zikaongezwa, na mifugo yake ikapunguzwa. Mjini alitakiwa kuchukua kipande, kwa sheria ya mwaka 1915 iliyoanza kutumika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Karatasi hiyo iliwekwa ndani ya kikasha cha chuma na kuvaliwa shingoni. Asiyekuwa nayo, au aliyeondoka kazini bila kuandikiwa na bwana wake, alikuwa na kesi ya kujibu.

Mjini Mwafrika aliwekewa mitaa yake peke yake. Bondeni ni mmoja wa mitaa hiyo ya zamani. Na kadiri miaka ilivyopita ikajengwa mitaa mingine ya halmashauri, kama Kaloleni, Kivumbini na Flamingo. Nyumba nyingi katika mitaa ya Waafrika, hapa na katika miji mingine ya Kenya, zilikuwa za chumba kimoja kimoja, na choo na bomba la maji vilikuwa vya watu wote. Tena mshahara ulipimwa kwa tumbo la mwanamume mmoja. Ilidhaniwa kwamba mkewe na watoto wamo rizavu, wanalima na kujilisha, na kwamba yeye mwenyewe akizeeka atafunga mzigo wake na kwenda zake. Hata serikali ya wakati ule ilikuja kuona kwamba jambo hili haliwezekani. Mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na Bwana Carpenter ilichunguza mishahara ya Waafrika, ikashauri kwamba mshahara utoshe kulisha jamaa nzima, si mtu mmoja tu.

Basi tazameni, wazee wangu, jinsi methali yetu ilivyopinduliwa. Mwafrika hakungoja siku ya tatu. Alipewa jembe siku ile ile aliyofika. Lakini hata alipolima miaka thelathini hakuitwa mwenyeji. Ilipotangazwa Hali ya Hatari mwezi wa Oktoba mwaka 1952, skwota wengi wa Kikuyu walitolewa katika mashamba ya Bonde la Ufa, wakarudishwa katika rizavu ambazo wengine wao hawakupata kuziona, maana walizaliwa hapa hapa. Mtu aliyezaliwa mahali akaambiwa arudi kwao: hapana ugeni ulio mkubwa kuliko huo.

ARDHI YANUNULIWA

Uhuru ulipokuja mwaka 1963, watu wetu walielewa neno moja kwa haraka kuliko maneno mengine yote: asiye na ardhi atabaki mgeni. Wazee mliomo humu mwayajua mambo haya kuliko mimi. Watu walijiunga katika makampuni na vyama vya ushirika vya kununua mashamba. Katika wilaya hii majina ya Ngwataniro na Ndeffo yalivuma sana. Mtu aliuza mbuzi, mwingine akaweka mshahara wa mwaka mzima, mama akaweka pesa za mboga. Hisa ikanunuliwa, na risiti ikafichwa chini ya godoro. Wapo waliopata ardhi, na wapo waliobaki na risiti tu. Nyumba nyingi hata leo zina karatasi ya namna hiyo ambayo haikuzaa kitu.

Magharibi ya mji, baina ya barabara ya kwenda Njoro na mbuga ya Ziwa Nakuru, ndipo ilipo mitaa yetu miwili, Kaptembwo na Rhonda, na mitaa midogo iliyoungana nayo, kama Ponda Mali. Jina la Kaptembwo lina alama ya Kikalenjin, kwa kuwa "Kap" katika lugha hiyo huonyesha mahali pa watu fulani. Na Ponda Mali ni jina ambalo kila msemaji wa Kiswahili hulielewa bila kamusi, ingawa waliopo huko leo hawana mali ya kuponda. Mashamba ya zamani ya upande huu yaligawanywa vipande vikubwa, vikubwa vikagawanywa vidogo, na vidogo vikawa ploti za kujenga.

Sababu ya watu kuja huku si fumbo. Mjini nyumba za halmashauri zilijaa, na idadi ya watu ilikuwa ikikimbia mbele ya wajenzi. Mwaka 1969 Nakuru ulihesabiwa watu elfu 47. Mwaka 1979 walikuwa karibu elfu 93, na mwaka 1989 walikuwa karibu elfu 164. Mwaka 2009 walifika kama elfu 308, na mwaka 2019, mji ukiwa umepanuka sana, walizidi elfu 570. Watu hao wote walilala mahali fulani. Wengi wao walilala katika mitaa ya pembeni kama hii yetu, katika vyumba vilivyojengwa na watu wa kawaida kwa fedha zao wenyewe. Serikali haikuwajengea. Hii ni sifa kubwa ya wazee wetu wenye ploti, na mtu yeyote anayeandika historia ya Nakuru bila kuitaja anaandika nusu ya historia.

PLOTI NA MAISHA YAKE

Kwa ajili ya watoto watakaosoma kitabu hiki baadaye, ambao huenda wakakaa katika nyumba za namna nyingine, nitaeleza ploti ni kitu gani. Ni kiwanja kirefu chembamba chenye lango moja. Kushoto kuna safu ya vyumba, na kulia kuna safu nyingine. Katikati ni ua wa kufulia na kuanikia nguo. Vingine ni vya mawe, vingine vya mabati, na vile vya zamani ni vya miti na udongo. Kila chumba kina mlango mmoja na dirisha moja, na ndani yake huishi jamaa nzima. Pazia hukigawa chumba: upande mmoja kitanda, upande wa pili viti na jiko. Mwisho wa ua kuna choo na bafu. Katika ploti nyingine mwenyewe huishi humo humo na wapangaji wake. Katika nyingine huishi mbali, na huonekana tarehe za mwanzo wa mwezi tu.

Alfajiri ploti huamka kabla ya jua. Anayefanya kazi kiwandani, sokoni au katika machimbo ya mawe hutoka kwanza, na wengi huenda kwa miguu ili wabakize nauli ya matatu. Watoto hufuata, wamevaa sare, vitabu mgongoni. Kisha ua huachiwa akina mama. Mmoja hukatakata sukuma wiki ya kuuza mlangoni, mwingine hupanga omena juu ya gunia, mwingine hufua nguo za nyumba tatu ili apate unga wa jioni. Mchana husikika kelele za mashine ya kusaga, nyundo ya fundi wa mabati, na pikipiki za boda boda. Jioni moshi wa makaa hupanda, harufu ya vitunguu hutoka kila mlango, na redio zote husema habari moja.

Wanachama wetu wengi walipata kazi za kudumu zamani katika viwanda vya mji. Lakini siku hizi kazi hizo zimepungua. Kiwanda cha betri cha Eveready kilifungwa mwaka 2014, na biashara ya pareto, ambayo iliwahi kuutajirisha mji huu, iliporomoka kabla ya hapo. Basi vijana wengi huishi kwa vibarua vya siku, na kodi ya nyumba huwa ndiyo deni la kwanza la kila mwezi.

Juu ya maji nitasema maneno mawili. La kwanza ni uhaba. Sehemu ya maji ya mji hutoka mbali, upande wa Turasha, na sehemu hutoka katika visima virefu. Lakini hayatoshi, na bomba la ploti hutoka maji kwa zamu. Siku ya ukame wa bomba, mwenye mkokoteni hupita na mitungi, na maskini hulipa kwa mtungi mmoja bei iliyo kubwa kuliko ile anayolipa tajiri mwenye mita yake. La pili ni madini ya floraidi, ambayo ni mengi katika maji ya ardhini ya Bonde la Ufa. Meno ya kahawia tunayoyaona kwa watu waliokulia hapa si uchafu. Ni alama ya maji waliyokunywa wakiwa watoto, na yakizidi sana huumiza hata mifupa. Jimbo Katoliki la Nakuru limefanya kazi ya miaka mingi ya kuyachuja madini hayo kwa makaa ya mifupa ya ng'ombe, na wanachama wapewe habari hizo.

HABARI YA CHOO

Sasa, Bwana Mwenyekiti, nafika mahali ambapo karani huomba radhi kwanza. Nitasema juu ya choo. Jambo hili si la kutajwa mbele ya chakula, lakini ni la kutajwa mbele ya wazee, kwa kuwa wao ndio wenye uwezo wa kulirekebisha.

Ardhi yetu ni ya majivu ya volkano. Ni nyepesi, na humeza maji upesi. Baada ya mvua kubwa, upande huu wa magharibi wa mji huweza kupasuka na kutitia. Barabara imewahi kukatika, na nyumba zimewahi kupata nyufa. Shimo la choo likichimbwa katika udongo wa namna hiyo bila kujengwa kwa mawe ndani, huanguka. Likianguka, huchimbwa lingine karibu nalo. Na kile kilichomo shimoni hakikai pale. Hushuka pamoja na maji ya ardhini, na mvua huzoa kilichofurika na kukipeleka bondeni, Mto Njoro na ziwani. Ziwa letu halina mlango wa kutokea. Kila kinachoingia humo hubaki.

Na ziwa hilo dunia nzima inalijua. Ni mbuga ya taifa tangu mwaka 1968, na mwaka 2011 likatiwa katika orodha ya urithi wa dunia pamoja na maziwa mengine ya Bonde la Ufa. Wageni huvuka bahari kuja kuwatazama heroe, ambao watu wengi huwaita flamingo, na vifaru waliolindwa kwa seng'enge ya umeme. Sina neno juu ya vifaru, walindwe. Lakini kutoka mitaa yetu hadi seng'enge hiyo si mbali, na mtu akisimama hapo na kutazama pande zote mbili ataona kwamba mnyama ametengewa nchi ya kilomita za mraba 188, na mtoto wa ploti anangoja zamu ya choo. Tena tangu mwaka 2010 hivi maji ya ziwa yamepanda sana, yakafunika lango kuu la zamani la mbuga, na kuwatoa watu makwao upande wa Mwariki na Barut. Ziwa limetukaribia, na uchafu tuliolipelekea utaturudia.

Mwaka 2012 mashirika mawili, Practical Action na Umande Trust, yakishirikiana na maofisa wa afya, yalianza kazi katika Kaptembwo na Rhonda ya kuwaamsha wakazi na wenye ploti juu ya jambo hili. Njia waliyoitumia ilianzia vijijini Bangladesh: hawaji kwanza na saruji, bali huwakusanya watu, huwatembeza katika uchafu wao wenyewe, na kuwaacha waamue. Hapa mjini waliona kwamba aibu ya mpangaji peke yake haitoshi. Mpangaji aweza kuona aibu siku nzima, lakini hana ruhusa ya kuchimba shimo katika ardhi isiyo yake. Kwa hiyo wakawaita wenye ploti. Vyoo vingi vizuri tunavyoviona leo katika mitaa yetu vilijengwa na wenye ploti waliokubali. Hao ni shahidi kwamba jambo lawezekana.

Lakini si wote. Miaka kadhaa iliyopita mimi nilipanga katika ploti moja ambayo sitaitaja. Ilikuwa na vyumba kumi na vinane na choo kimoja. Asubuhi tulipanga mstari, wakubwa kwa wadogo, na mtoto mdogo asiyeweza kungoja alipelekwa nyuma ya ukuta. Mwenye ploti alipoombwa choo cha pili, alijenga chumba cha kumi na tisa. Akasema, "Nyinyi ni wapangaji tu. Mtahama."

MANENO KWA WAZEE WETU

"Mtahama." Neno hilo, wazee wangu, tulikwisha kulisikia kabla. Ndilo aliloambiwa skwota. Ndilo aliloambiwa mwenye kipande shingoni. Kwa nini Mwafrika hakujengewa nyumba ya kutosha jamaa yake? Kwa sababu yeye ni mpita njia, atahama. Wazee wetu walinunua ardhi hii kwa hisa ili neno hilo lisisemwe tena. Je, yafaa lisemwe tena na sisi, juu ya watu wetu, katika ardhi ile ile?

Tena liko neno lililo zito kuliko la choo. Siku za mwisho za mwezi wa Januari mwaka 2008, mji huu uliwaka. Mitaa yetu ilikuwa miongoni mwa ile iliyoumia sana. Watu walioazimana chumvi miaka kumi waliulizana kabila. Wengine walikufa, na wengine wengi walikimbilia uwanja wa maonyesho na uwanja wa Afraha wakiwa na magodoro vichwani. Sitataja kabila lolote, maana kila kabila lilizika. Nasema hivi tu: mpangaji ambaye miaka yote aliambiwa kwamba yeye ni mgeni ndiye aliyekuwa rahisi kufukuzwa. Na mwenye ploti aliyekuwa wa kabila lisilotakiwa siku ile alijikuta mgeni vile vile, ingawa hati ya ardhi ilikuwa sandukuni mwake. Ugeni tukiuacha uishi mlangoni mwa jirani, utakuja kupiga hodi kwetu.

Sipendi kuwa mtu wa upande mmoja. Mwenye ploti naye ana haki ya kusikilizwa. Atasema: mpangaji hukusanya vyombo vyake usiku na kwenda zake na kodi ya miezi mitatu. Atasema: nilijenga choo kizuri, wakatupa humo matambara na chupa, likaziba katika wiki mbili. Atasema: kulijenga shimo kwa mawe ni gharama, lori la kunyonya uchafu ni gharama, na mimi ni mjane, kodi hii ndiyo karo ya wajukuu wangu. Haya yote ni kweli, nami nimeyaona. Mpangaji asiyetunza kitu huwaumiza wapangaji wenzake kabla ya kumwumiza mwenye ploti.

Lakini tuulize kisa cha kutotunza. Mtu hutunza kile anachohesabu kuwa chake. Aliyeambiwa kila siku kwamba ni mpita njia hutumia vitu kama mpita njia. Nanyi mmeona ploti ambazo mwenyewe huwaita wapangaji wake wakaketi, wakapanga zamu ya kufagia, na kila mlango ukapewa ufunguo wa choo. Humo choo hakizibi, na watu hukaa miaka mingi. Na mpangaji akaaye miaka mingi ni faida kwa mwenye ploti kuliko kumi wanaohama.

Sheria nayo imekwisha kusema. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, humpa kila mtu haki ya makao yanayofaa, ya usafi wa kiasi kinachostahili, na ya maji safi ya kutosha. Haikusema kila mwenye ardhi; ilisema kila mtu. Na tarehe 1 Desemba 2021 Nakuru ulipewa hati ya kuwa jiji, jiji la nne la Kenya. Tulishangilia, na ilikuwa haki tushangilie. Lakini jiji si maghorofa ya katikati peke yake. Kipimo chake ni mlango wa mwisho wa mtaa wa mwisho.

MAPENDEKEZO

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naomba kuweka mbele ya mkutano huu mambo manne, ili yajadiliwe na, mkiona yafaa, yapigiwe kura.

La kwanza: daftari la chama chetu lina nafasi ya kuandika mahali mwanachama alikotoka, ili akifa tujue pa kumpeleka. Halina nafasi ya kuandika mahali anapoishi. Twajua kaburi lake litakapokuwa, wala hatujui mlango wake. Naomba nafasi hiyo iongezwe, na kila mpangaji aliyekaa mtaani mwaka mmoja na kulipa ada yake awe mwanachama kamili, mwenye haki ya kuchaguliwa katika Halmashauri kama mwenye ploti.

La pili: kila mwanachama aliye na ploti aahidi kwamba hataongeza chumba kabla ya kuongeza choo. Na shimo lijengwe kwa mawe, au choo kiunganishwe na bomba la maji machafu pale bomba lilipofika.

La tatu: chama kitenge sehemu ya akiba yake iwe mfuko wa kuwakopesha wenye ploti wasio na uwezo, hasa wajane na wazee, walipe kidogo kidogo kutoka katika kodi. Wapangaji nao watoe kazi ya mikono na kuweka zamu ya usafi, na atakayevunja zamu aitwe na wenzake, si na mwenye ploti.

La nne: kila ploti yenye mwanachama wetu iwe na watu wawili, mmoja wa upande wa mwenyewe na mmoja wa wapangaji, ambao siku ya fujo ya namna yoyote watasimama pamoja langoni. Asifukuzwe mtu kwa ajili ya kabila lake katika ploti ya mwanachama wa chama hiki. Hili liandikwe katika sheria zetu, na atakayelivunja aondolewe katika daftari.

Wazee wangu, hamkununua ardhi hii ili muwe na kodi tu. Mlinunua ili watoto wenu wasiulizwe tena kipande. Watoto hao sasa ni wengi kuliko ardhi, na wengi wao watakuwa wapangaji maisha yao yote, hapa au katika mji mwingine. Mkiwaheshimu wapangaji wa leo, mnawatengenezea wajukuu wenu mahali pa kukaa. Jembe wamekwisha kupewa, nao wanalima tangu alfajiri. Lililobaki ni kuwaita wenyeji.

 Mapendekezo yamo mezani, na kalamu yangu i tayari kuandika mtakavyoamua.